Kikombe Ndani ya Boksi la Aiskrimu

Wateja walimwita Baridi kwa sababu aliuza aiskrimu, na kwake hakukuwa na kitu kisichotunzika kwa barafu. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa ameshatolewa mayai kwenye kituo cha uzazi. Yalipatikana machache tu, nayo yalisubiri mbegu za mume.

Baridi akaingia maabara akihema, amekumbatia boksi lake la aiskrimu. Nyuma yake alikuja bibi wa mkewe, taratibu, mkono mmoja kifuani.

"Mzigo huu hapa," alisema Baridi. "Umepoa vizuri kabisa."

Mtaalamu wa maabara, mama mpole asiyejipulizia manukato siku za kazi kwa kuwa mbegu hazipatani na harufu kali, alilikodolea macho boksi.

"Umeziweka kwenye barafu, baba?"

"Sasa ulitaka zichachuke njiani?"

"Hizi si maziwa. Baridi ya ghafla huziua. Zinataka joto la mwili."

Baridi alifungua boksi. Barafu tupu. Kikombe cha mbegu hakimo.

"Nimekidondosha! Nitamwambia nini mke wangu?"

"Mwambie ana bibi." Bibi akachomoa kikombe kifuani. "Alinipigia simu mapema: 'Bibi, huyo mume wetu atakigandisha.' Ulipogeuka kufunga mlango, nikakitoa. Mume gani wewe, hata wanetu unataka kuwauza kwenye kijiti!"

"Kilikaa barafuni muda gani, Bibi?" mtaalamu aliuliza.

"Hata barafu haikujua imepata mgeni."

Mtaalamu alilinganisha jina la kwenye kikombe na la Baridi, akakiweka juu ya bamba lenye uvuguvugu, akasubiri shahawa zilainike. Hakukitikisa. Kisha akavuta tone polepole, kama anayemhamisha mtoto aliyelala, akainamia hadubini. Bibi naye akaacha utani. Baridi alikuwa ameng'ang'ania mfuniko wa boksi.

"Njoo uone, baba."

Baridi akasogea, akafumba jicho moja. Akalifumbua, akalifumba tena.

"Mbona zinakimbia hivi?"

"Kama watoto waliosikia kengele yako ya aiskrimu," alisema mtaalamu, na sasa akacheka. "Haya, nipisheni. Mayai yanasubiri."

Katika chumba cha pili mkewe alikuwa amelala chali, macho mlangoni.

"Zimefika hai?"

"Hai, na mbio juu."

"Hukuzigandisha?"

Baridi akalificha boksi nyuma ya miguu, akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Hilo muulize mke mwenzio."