Chupa Moja, Vifua Viwili

Maji ya kuchemsha yalikuwa yamepoa. Mwihaki akayamimina polepole kwenye chupa ya dawa ya unga mpaka yakafika mstari wa kipimo, akafunga kifuniko, akatikisa. Mlangoni alisimama Namunyak, jirani yake wa ukutani, na chupa tupu aliyoiosha vizuri. Mtoto wake Leshan alikuwa mgongoni. Mugo wa Mwihaki alikuwa kitandani. Wote wawili walikuwa na homa moja na kikohozi kimoja.

Asubuhi hiyo akina mama hao walikuwa wameenda zahanati pamoja. Nesi aliwapima watoto kwa upole, akawaandikia dawa, kisha akasema, "Hapa haiko. Mnunue nje." Nje ni kwa Wasike, mwenye duka la dawa karibu na steji ya matatu ya Kitengela, ambaye mtaa mzima unamwita daktari. Wasike alikuwa amebaki na chupa moja.

"Si tutagawana, daktari," Mwihaki alisema.

"Hiyo ni dozi ya mtoto mmoja, Mama Mugo."

"Sasa nimnyweshe wangu nikisikia wa jirani akikohoa ukutani? Zii, hiyo siwezi."

Wakagawana.

Jioni homa ilishuka nusu. Mugo akaanza kukohoa, akanyamaza katikati, mdomo wazi, na upande wa pili wa ukuta Leshan akamalizia. Ikawa hivyo tena, na tena. Mwihaki akatoka nje. Namunyak naye alikuwa ametoka.

"Wangu anaanza tu," Mwihaki akasema.

"Wangu anamaliza tu."

Phylis, mtunzaji wa ploti yao ya kupanga, alikuwa akianua nguo. Akawaambia hiyo si ya kuwanyima usingizi. Yeye na dada yake waligawana tembe za malaria wakiwa wasichana, na mpaka leo yeye akitetemeka, anayetokwa na jasho ni dada yake kule Nyahururu. "Hunitukana sana kwa simu," alisema, akaingia na beseni lake.

Kilichomchanganya Mwihaki ni kazi ndogondogo. Mugo akikohoa, ampanguse nani mdomo, na makohozi yako kwa Leshan? Ampigepige nani mgongo? Mwishowe walielewana kwamba yeye atapiga mgongo na Namunyak atapangusa. Wakazoea.

Kisha Kisemei, mumewe Namunyak, akapata kazi ya kupitisha mizigo mpakani Namanga, na familia ikahama na vyombo vyake kwa pikapu.

Sasa kikohozi kilikuwa na safari. Mugo akianza, alibaki bila pumzi, amemkodolea mamake macho, mpaka Leshan amalize kule Namanga. Siku ya upepo kilichelewa. Siku moja kilichelewa mpaka midomo ya Mugo ikawa na rangi ya zambarau, na Mwihaki akambeba mbiombio mpaka zahanati, kisha kwa Wasike.

Wasike alitega sikio kwenye kifua cha mtoto, huku na huku.

"Hapa kuna mwanzo peke yake," alisema. "Wakigawana dozi, ugonjwa nao unawashika pamoja. Kila mmoja anataka chupa yake nzima, na waanze siku moja. Umempeleka zahanati?"

"Nimetoka huko."

"Walisema?"

"Ninunue nje."

Wasike akaitikia kwa kichwa. "Imeingia moja leo. Ukimpa Mugo yote, atapona kabisa."

"Na Leshan?"

"Leshan atabaki akimaliza kitu ambacho hakuna mtu ameanza."

"Hiyo ni mbaya, daktari?"

Wasike alipanga upya pakiti za dawa za kichwa ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Mama Mugo, sijui. Chuoni hatukufika hapo."

Nyumbani, Mwihaki alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayatia mpaka kwenye mstari. Mugo alikaa mapajani pake akitazama povu likipanda. Mwihaki alitia dawa kwenye kijiko. Kisha akairudisha dawa yote kwenye chupa na kupiga simu.

"Mama Leshan, dawa imepatikana."

"Mungu ni mwema! Chupa ngapi?"

Mwihaki alimwangalia Mugo. Alikuwa ameanza kukohoa, amekwama, mdomo wazi, akingoja. Mkono wake mdogo ulikuwa umeshika kola ya mamake.

"Unanisikia, Mama Mugo? Chupa ngapi?"

"Yako nakutumia na gari ya jioni," Mwihaki akasema. "Mtu aingoje hapo mpakani."

Kwenye simu, mbali, Leshan akakohoa. Mugo akavuta pumzi, akalegeza kola. Mwihaki akatafuta chupa nyingine, akaisuuza kwa maji moto, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kumimina, kwa makini sana, asizidishe upande wowote.