Kiatu cha Kukanyagia Mafuta

Mwalimu aliingia duka la viatu kama mtu aliyekuja kudai chake, bintiye akimfuata shingo upande. Tusimwonee binti, alikuwa na hoja. Marehemu baba yake aliacha gari la mbio, jekundu, la viti viwili, na tangu msiba lilikuwa limelala chini ya turubai. Mnunuzi alikwishapatikana. Mapatano ya mama na mwana yalikuwa mafupi: mama aliendeshe leo. Akiliweza, linabaki. Likimshinda, kesho linaondoka.

"Mama, umefundisha udereva miaka thelathini, sikatai," binti alisema. "Lakini ulikuwa unakaa upande wa abiria, mguu kwenye breki ya mwalimu."

"Na hao waliokaa upande wa dereva, nani aliwafundisha?"

Muuza viatu aliona mvi, akaleta viatu vya kibibi vyenye soli nene kama mkate. Mwalimu alivivaa, akapanga maboksi matatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Akaketi na kukanyaga.

"Hivi vinanidanganya," alisema. "Nakanyaga, mguu hausikii kitu. Gari lile ukiligusa kidogo tu linaruka."

Jozi ya pili ilikuwa pana, mguu mmoja ukabonyeza maboksi mawili kwa mpigo. "Hivi vitanizika." Ya tatu haikuwa na kamba, kisigino kikachomoka. "Hivi ni vya kukalia sebuleni."

Muuzaji, ambaye sasa alikuwa anajifurahisha, aliokota kiatu cha zamani alichokivua mteja wake na kukigeuza. Soli ilikuwa imelika mahali pamoja tu. "Kumbe hiki, mama, kazi yake ilikuwa kufunga breki za wanafunzi."

Binti akacheka. "Ndiyo hayo ninayosema. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi."

Neno hilo lilimchoma Mwalimu, kwa kuwa ndilo alilojibiwa na marehemu kila alipoomba funguo. Alimpenda sana mumewe, na kwa hilo moja hajamsamehe mpaka leo.

"Niletee raba zile nyeusi," alisema.

Zilikuwa nyembamba, za kufunga kamba, soli ya mpira isiyoteleza. Alibonyeza boksi la mafuta kwa ncha ya mguu, taratibu, likabonyea kiasi alichotaka yeye. Hakuuliza rangi nyingine. Alilipa, akatoka nazo miguuni.

Nyumbani walivua turubai, wakaingia garini. Kwenye geti mguu wake ulikimbilia breki wenyewe, gari likazimika. Binti alitazama dirishani asimwaibishe mama yake. Mwalimu aliwasha tena, akaachia klachi, na kupitia soli ile nyembamba akausikia mtetemo wa injini hadi kwenye unyayo. Akaongeza mafuta. Gia ya pili, ya tatu, barabara nyeupe mbele yao, kona ameichukua bila kuyumba. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata katika kiti kile kingine.

Simu ya binti ikaita. Aliona ni mnunuzi, akamtazama mama yake, kisha akapokea.

"Samahani, kaka," alisema. "Gari lina mwenyewe, na sasa hivi analiendesha."