Maji ya Kitambaa

Kozi ilifanyika Chalinze, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni iliyopakana na maegesho ya malori. Aliyechagua pale sijui alitumwa na nani. Kutwa honi, kutwa vumbi, na sisi watu wazima tisa tumeinamia ramani tunakokotoa moto utapita wapi na utafika saa ngapi. Ndiyo kazi yetu. Msitu ukishika moto, wenzetu wanaingia na mapanga na mabomba ya mgongoni. Sisi tunawaambia wana muda gani. Hii ilikuwa kozi ya juu, ya wachambuzi wenye uzoefu, na atakayeshika namba moja angepewa kusimamia wachambuzi wa pwani yote. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Sijisifu, nakwambia tu.

Chumbani nilikuwa peke yangu. Vitanda viwili, kimoja nalala, kingine nimeweka begi. Kozi zote za nyuma kitanda cha pili alilala Pazi, kiongozi wa kikosi cha kuzima moto, Mbagamoyo mwenzangu, anakoroma mpaka unataka kumtupia kiatu. Pazi amefariki, huu mwaka wa tatu. Mke wangu naye alirudi kwao Pangani mwaka jana. Alisema amechoka kuishi na mtu anayejibu kila kitu kwa "mmh". Sikumfuata. Nilikuwa mpweke jamani, mpweke kabisa, na ungeniuliza ningekwambia nitokee hapa. Hasira zangu ziko karibu.

Siku ya nne mwalimu wetu, Bi Zahabiya, akagawa karatasi. Mama mtaratibu, baba yake alikuwa na duka la rangi na misumari Bagamoyo, yeye akaacha misumari akasomea moto.

"Huu ni moto wa kweli," alisema. "Majina ya watu yaliondolewa kabla haujanifikia. Someni hali ya hewa, mkokotoe, kisha mniambie kwa nini mtu mmoja alikufa."

Nikageuza karatasi. Msitu wa Kwamsoro, mwezi wa tisa, saa sita mchana. Namba zile niliziandika mimi, na mtu aliyekufa ni Pazi.

Feisal, kijana wa Dar anayejua kila kitu, alimaliza wa kwanza. "Kwa namba hizi moto ulitakiwa kufika saa nane. Mchambuzi aliwaambia saa nane. Ukafika saa saba kasoro. Mchambuzi hana kosa."

"Kwa hiyo?" Bi Zahabiya akauliza.

"Upepo uligeuka, na kiongozi akazubaa. Ona hapa kwenye redio: anaambiwa moshi unakaribia, anajibu, 'Bado tuna muda.' Muda gani? Alikuwa anapiga stori huyo."

Wenzetu wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, hawakumjua. Na ripoti yenyewe ilisema hivyohivyo: uzembe wa kiongozi wa kikosi.

Pazi alisema ana muda kwa sababu mimi nilimwambia ana muda.

Ngoja nikueleze. Unyevu wa hewa tunaupima kwa vipimajoto viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja kimevishwa kitambaa. Unakilowesha maji safi, kisha unavizungusha hewani. Hewa ikiwa kavu, kile chenye kitambaa kinashuka sana. Lakini kitambaa kikiwa hakina maji, kipimajoto chake hakishuki, vyote viwili vinasoma karibu sawa, nawe unadhani hewa ina unyevu na nyasi zitawaka polepole. Maji ya kitambaa yana kichupa chake, na mtu hayagusi. Siku ile jua lilikuwa la kuua, maji ya kunywa yaliisha tangu saa nne. Nikanywa yale ya kichupani. Mafunda mawili tu. Nikajiambia kitambaa bado kina ubichi wa asubuhi. Nikazungusha, nikaona tofauti ndogo, na mimi mtoto wa pwani nikajipa jibu: leo upepo wa bahari umewahi. Nikashika redio nikamwambia Pazi, "Una saa mbili nzima, kaka. Fanyeni kazi kwa raha zenu." Vijana wake wanne walitoka mbio, mikono imeungua. Yeye hakutoka.

Kwenye uchunguzi waliniuliza kama kipimo kilikuwa kizima. Nikasema kizima. Nacho kilikuwa kizima kweli. Habari ya maji hakuuliza mtu, nami sikuitaja.

"Haidar, leo umenyamaza," Bi Zahabiya akasema. "Unasemaje?"

Ningesema upepo, yangekwisha. Cheo kilikuwa changu. Nilikwishafungua mdomo niseme upepo, Feisal akadakia, "Marehemu alijitakia mwenyewe."

"Funga domo lako!" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Marehemu anaitwa Pazi! Namba zote hizo ni za uongo. Kitambaa kilikuwa kikavu, na maji yake niliyanywa mimi."

Feisal akainamisha kichwa. Bi Zahabiya akaweka kalamu chini.

"Unajua hili lazima niliandike," alisema.

"Andika."

"Na kozi haitaendelea kwako."

"Najua, mwalimu."

Nilikwenda kufunga begi. Hakuna aliyenifuata, na sikuwalaumu. Nikasimama nje penye malori nikampigia Dija, mjane wa Pazi. Tangu arobaini ya mumewe sikuwahi kumpigia.

"Shemeji!" alisema. "Leo jua limetoka magharibi!"

Nikamwambia yote, bila kupumzika, nisije nikapata nafasi ya kuogopa.

"Dija?"

"Nipo."

"Nakuja Bagamoyo leo hii. Ripoti nitaisimamia mpaka ibadilishwe. Nitamwambia kila mtu. Nitaanza na mama yake Pazi."

"Mama amefariki, shemeji. Mwezi wa Shaabani."

"Inna lillahi... sikujua."

"Ungejuaje? Hupigi simu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi, na afadhali angenitukana. "Mama alikuwa anakaa mlangoni, anamuuliza kila apitaye: 'Hivi mwanangu aliuona moto unakuja, akakaa tu? Nilizaa mjinga mimi?' Mpaka asubuhi ya kufa kwake aliniuliza. Miaka yote hiyo, shemeji, na jibu unalo wewe."

Nililia pale barabarani, mtu mzima, makuli wananitazama.

"Njoo," Dija alisema. "Lakini usianzie kwangu. Pitia makaburini, ukamjibu."