Mto Uliohudhuria Semina

Semina ilipangwa kuanza saa tatu, kwa hiyo ilipogonga saa nne watu walikuwa bado wanagombania viti vya upande wenye feni. Mama Usafi, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwafundisha wananchi kutunza mto, alisimama juu ya meza akihangaika na bango lililokataa kushika ukutani. Mhudumu wa ukumbi alimshikilia meza, jicho moja likiwa kwenye kreti za soda zisije zikafunguliwa kabla ya wakati.

Somo lilipoanza na Mama Usafi akafika kwenye picha ya vilima ambako maji huanzia safari yao, mto uliingia. Uliinama kidogo mlangoni, maana ulikuwa mrefu kuliko watu walivyodhani, ukatafuta kiti cha nyuma kabisa na kuketi. Sakafu ikalowa. Mhudumu akaleta tambara, akalisukuma chini ya kiti kwa mguu, akanung'unika kwamba alikuwa amepiga deki asubuhi hiyo hiyo.

"Karibu," alisema Mama Usafi. "Wenzako tumeshaanza."

Mto ulipewa kalamu na fulana ya mradi kama washiriki wengine. Ukaivaa fulana, ikaugandama mwilini. Fundi baiskeli aliyekaa jirani yake alihamishia simu yake mfuko wa pili, yakaisha.

Ulipofika wakati wa maswali, mto ukanyoosha mkono. Mama Usafi akatazama huku na huku akitafuta mkono mwingine. Alijua vizuri mto ungeweza kusema nini mbele za watu.

Kila mwezi, wageni wa mradi walipokuja, Mama Usafi na kikundi chake walisafisha mto kuanzia darajani hadi kwenye kona, kwa sababu picha iliishia kwenye kona. Gari la taka lilikuwa limeahidiwa tangu mradi uanze na halijawahi kuonekana hata tairi. Basi taka zote za darajani, chupa, mifuko, viatu visivyo na wenzao, walizisukuma kwa reki mpaka zipite kona, halafu wakanawa mikono na kujipanga kwa ajili ya picha. Kazi hiyo waliiita kusindikiza. Hakuna aliyekumbuka ni nani alianza kuiita hivyo, ila reki zilinunuliwa na Mama Usafi mwenyewe. Na huko nyuma ya kona, mto unakoteremkia, dada yake alikuwa na bustani ya miche na mboga.

"Sina swali," ulisema mto. "Nimechoka tu. Nimekuja kukaa."

Watu wakapiga makofi, kama wafanyavyo kila mshiriki anapomaliza kuongea.

Ukumbi ulipofungwa, mto ulibaki umesimama kwenye ngazi. Mama Usafi hakuwa na moyo wa kuuacha pale, akaondoka nao. Mumewe alifungua mlango, akautazama kuanzia juu mpaka chini.

"Huyu ni wa kwenu?"

"Wa kazini."

"Haya. Atalala bafuni, kwingine kuna godoro."

Mume akatoa ndoo, mto ukajikunja pembeni ya pipa, ukalala ubavu. Tangu siku hiyo familia ilioga kwa jirani. Pale darajani palibaki mawe na tope, na wapita njia walioulizia waliambiwa mto umesafiri. Mgeni mwenyewe hakuwa na usumbufu. Hakudai kitu, hakulalamika, hakumsema mwenye nyumba. Hilo ndilo lililomnyima Mama Usafi usingizi. Angefurahi zaidi kama mto ungemtukana.

Dada yake akaja siku ya soko, vumbi limempanda mpaka magotini. Hakugusa hata maji ya kunywa aliyopewa.

"Mdogo wangu, mto umetukimbia. Kule kwetu zimebaki taka peke yake, zimejaa toka ukingo huu mpaka ule. Kuna mpaka kitanda. Miche yangu yote imelala chini. Nasikia umefikia kwako."

"Upo bafuni."

Dada akajifunga kitenge upya, akaenda kusimama mlangoni. "Hodi."

"Karibu," uliitikia mto.

Akaingia, akapiga magoti juu ya saruji iliyolowa. Mama Usafi alikuwa nyuma yake, ameshika taulo ambalo hakulihitaji.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema dada. "Sisi watu wa chini ni wachafu. Hatukusoma kama hawa wa huku juu. Sijui ni nani kati yetu anayekutupia yale mambo, lakini nimekuja kwa niaba ya wote. Turudie. Tutabadilika."

Mto uligeuza kichwa. Ulimtazama Mama Usafi, bila hasira, ukasubiri. Aibu ikampanda Mama Usafi mpaka masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. Maneno yalikuwa mafupi tu: dada, ni mimi. Akalikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Usijali, dada," alisema. "Nitawapangia semina."

Mto ukainuka polepole. Ukamshukuru mume kwa malazi, ukamshika dada mkono, wakaondoka pamoja barabarani. Mama Usafi akachukua tambara na kukausha bafu. Alikausha hata pale palipokuwa pakavu.

Semina ya watu wa chini ilifanyika chini ya turubai kando ya bustani. Mto ulikuwa umerudi mahali pake, umekonda lakini unapita. Siku iliyotangulia wageni walikuwa darajani, hivyo wakati Mama Usafi akieleza madhara ya plastiki, chupa zilipita nyuma yake kwa makundi. Washiriki walizitazama, wakainamisha vichwa, kila mmoja akimwaza jirani yake.

"Mbona kama zinatoka juu?" aliuliza mama mmoja.

"Juu ni kwa mdogo wangu!" dada alimkata kauli. "Kule wanasafisha kila mwezi, picha si tumeziona? Acheni kusingizia watu. Tukubali makosa yetu tupone."

Mama yule akaomba msamaha. Mama Usafi akamsamehe, akawasimamisha wote ili wale kiapo kwamba hawatatupa tena taka mtoni. Dada yake, ambaye hata maganda ya kitunguu huyafukia bustanini, alitamka neno "tena" huku sauti ikimtetemeka na macho yamejaa machozi.

Mama Usafi akamsogelea, akamshika kiwiko, akamwambia anyooshe mkono juu zaidi, mpiga picha hamwoni.