Sauti ya Mwalim Marhoun

Kipimo cha sauti cha kompyuta kilionyesha mia kwa mia, na bado sauti ya marehemu ilikuwa ndogo kama ya nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Muhannad alibandika sikio kwenye spika. Aliitambua pumzi ya baba yake kabla ya kutambua neno hata moja. Ikapanda kidogo, ikashuka, kisha ikazama na kumwachia mvumo mtupu wa mashine.

"Mtaalamu," shangazi yake, Bi Mwanaasha, alisema kutoka mlangoni, chetezo mkononi. "Sauti ya mume wa mtu umeipeleka wapi?"

"Haijenda popote, shangazi. Imo humu humu."

"Imo. Na samaki nao wamo baharini."

Kitandani, mama yake, Bi Ghania, hakucheka wala hakugeuka. Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa eda ndani ya chumba hiki, na leo, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa Kengeja wangekuja kumwogesha na kumtoa. Aliomba jambo moja tu, tangu wiki ile ya msiba: "Siku nitakayotoka, kabla sijatia mguu ukumbini, nisikilizishe baba yako. Mara moja tu, kwa sauti yake kamili, kama alivyokuwa akiniita kutoka uani. Hapo nitaweza kutoka."

Muhannad aliahidi. Katika mfuko wa koti la baba yake, Mwalim Marhoun, alikuta flashi, na ndani ya flashi faili moja la sauti, halina jina ila tarehe. Alilihamishia kwenye kompyuta bila ya kulifungua. Hakuwa na moyo wa kulisikiliza peke yake, na kwa kiburi cha mtoto wa kwanza alijiambia kwamba anamhifadhia mama heshima ya kuwa wa mwanzo.

Kiburi hicho hicho ndicho kilichomponza. Mashine yake ilikuwa ikienda kwa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, aliojifunza usiku kwa usiku, bila ya mwalimu wala cheti. Siku tatu nyuma aliletewa CD mpya ya mfumo huo kutoka Unguja. Mama alipomwona akiitia alimwambia, "Mwanangu, kizima hakifungwi bendeji." Lakini Muhannad alitaka wageni wakute uso mpya: madirisha yenye vivuli, alama zinazong'ara, kila kitu mahali pake kama nyumba ya arusi. Akaipandisha mashine daraja. Uso ukapendeza kweli. Sauti ikafa.

Haikuwa faili peke yake. Alijaribu kasida, alijaribu taarifa ya habari aliyoirekodi zamani, alijaribu hata ule mlio wa kuwakia mashine: yote yalitoka kwa kunong'ona. Zamani, akibonyeza alama ya spika, zilikuwa zikitokea nguzo nyingi za kupandisha na kushusha. Uso mpya ulimwonyesha nguzo moja tu, nayo imejaa hadi juu, kijani kitupu, kama mtu anayekuapia kwamba hana alichokuficha. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiita programu ya zamani ya kuchanganyia sauti. Nguzo moja. Mia. Alichomoa spika, akazichomeka tena, akaazima nyingine. Vilevile.

Jana alipanda gari ya abiria hadi Mkoani na flashi yake. Kijana wa duka la kompyuta aliitia kwenye mashine yake, akatikisa kichwa. "Hili halifunguki hapa, kaka. Tazama mkia wa jina lake: ogg. Huo ni mkia wa watu wa Linux. Aliyerekodi alikuwa na mashine kama yako."

Njia nzima ya kurudi, akiwa amebanwa baina ya magunia ya muhogo, Muhannad alikuwa na jambo alilolijua na hataki kulijua. Baba yake hakuwahi kugusa kompyuta ya nyumbani. Aliiita "sanduku la Muhannad". Na Kengeja nzima ilikuwa na mashine mbili tu za Linux. Moja hii. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya njia, kwa Khatib wa Mzee Jaribu.

Walijifunza pamoja, yeye na Khatib, kwa CD moja waliyokuwa wakipokezana kama sigara. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 2005, nyumba hii ikawa ya chama hiki na nyumba ile ya chama kile, na Kengeja ikafanya iliyokuwa ikifanya tangu vyama vingi vilipoingia: ikasusiana. Huyu hanunui chumvi kwenye duka la yule. Yule hasali kwenye msikiti wa huyu. Mtu akifa, wa upande wa pili hujifanya hawakusikia. Sasa ulikuwa mwaka 2010, na redio ilisema wakubwa wameshapeana mikono kule Unguja. Lakini mikono ya Kengeja bado ilikuwa mifukoni.

Hata hivyo, siku ya maziko ya Mwalim Marhoun, Khatib na baba yake walikuja. Walisimama nyuma, na ulipofika wakati wa kila mtu kutia kaburini konzi zake tatu za udongo, Khatib aliinama akachota. Muhannad alimkabili mbele ya watu wote. "Udongo wa baba yangu hautaki mikono yenu." Khatib alikifumbua kiganja taratibu, udongo ukarudi ulikotoka, akamshika baba yake mkono wakaondoka. Wapo waliomsifu Muhannad siku ile. Usiku wake alitunga beti kumi na mbili za kujipongeza, na asubuhi alipozisoma hakuona hata moja yenye ladha.

"Saa saba hii," Bi Mwanaasha alisema, akipuliza makaa. "Alasiri haimngoji mtu."

Muhannad alivaa kandambili akatoka.

Njia ile ina hatua ishirini, na alizihesabu. Uani kwa Mzee Jaribu udongo ulikuwa mwekundu, laini, unaoganda miguuni. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kigoda akisuka pakacha. Khatib alichutama mbele ya redio iliyofumuliwa matumbo. Miaka mitano hawajasalimiana.

"Asalaam alaykum."

Mikono ya mzee ilisita kwenye makuti. Khatib alimaliza kwanza kukaza skrubu aliyokuwa akiikaza.

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh."

"Sauti haitoki," Muhannad alisema.

"Ya nani?"

"Ya kompyuta."

"Nimekuuliza ya nani."

Muhannad alitazama miguu yake, iliyokwisha kuwa myekundu. "Ya baba. Mama anatoka eda leo. Aliomba aisikie."

Khatib aliweka bisibisi chini. "Umetia CD mpya."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo mwezi uliopita." Alipangusa mikono kwenye shuka. "Nitakuja, lakini ndani siingii. Mama yako yumo edani. Na mimi kwenu nimeshafukuzwa mara moja. Ya pili sijipeleki mwenyewe."

"Kompyuta imo chumbani kwake. Ndimo ilimo soketi iliyo nzima."

"Basi dirisha lipo. Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa mdomo. Au mdomo nao hautakiwi?"

Mzee Jaribu alikohoa, kikohozi kirefu kikavu chenye mkwaruzo mwishoni. "Khatib. Nenda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: Khatib kwenye baraza, mgongo ukutani chini ya dirisha la nondo, uso kauelekeza njiani, Muhannad ndani mbele ya kioo, na baina yao pazia la mama, lililoshushwa. Bi Ghania alijisogeza kwenye pembe ya kitanda na kujifunika mtandio. Bi Mwanaasha alisimama katikati ya chumba kama askari wa mpakani.

"Fungua dirisha la amri," sauti ya Khatib ilipita kwenye pazia. "Andika alsamixer. Pamoja, herufi ndogo."

"Nimeshaandika hiyo tangu juzi! Sijaja kwako kufundishwa alifu na be."

"Umeona nini?"

"Nguzo moja, imejaa. Hakuna kitu."

"Juu kabisa, upande wa kushoto, pameandikwa jina la kadi. Lisome."

Muhannad alifungua mdomo ili ajibu kwa ukali, kisha akasogeza uso karibu na kioo. Jina lililoandikwa pale halikuwa la kadi yake ya sauti. Siku tatu amelitazama dirisha hili, na siku tatu ameiangalia nguzo tu.

"Si kadi yangu," alisema polepole.

"Naam. Huyo ni msemaji tu, programu mpya iliyowekwa mbele ya kadi. Anakwambia mia kwa sababu yeye kwake ni mia. Kadi yenyewe iko chini yake, na alipoingia hakuulizia hali ya huko chini. Bonyeza F6."

Alibonyeza. Kikatokea kijisanduku chenye majina. Akachagua la pili. Kioo kikajaa nguzo, nane, tisa, zimesimama mstari mmoja kama jamaa waliofungiwa nje siku zote hizo.

"Nguzo ya PCM inasoma ngapi?"

"Kumi na nane."

"Ndiyo hiyo. Ipandishe kwa mshale. Na ile iliyoandikwa Front, chini yake pana nini?"

"Herufi mbili. MM."

"Imezibwa mdomo. Simama juu yake, bonyeza M."

Kidole cha Muhannad kilikaa juu ya herufi bila ya kuibonyeza. "Khatib."

"Nakusikia."

"Faili hili lina mkia wa ogg."

Kuku alipita barazani akidonoa.

"Bonyeza M," Khatib alisema. "Kisha toka, andika nitakayokwambia uhifadhi. Usipohifadhi, ukiizima leo, kesho utaikuta imerudi chini kule kule."

Alimsomea amri ya kuhifadhi, herufi kwa herufi, na Muhannad akaiandika kama mwanafunzi anayeandikishwa imla. Mbali kidogo zilikwisha kusikika sauti za wanawake, wakija kwa makundi, na harufu ya udi ilikuwa imejaa chumbani.

"Tayari," Khatib alisema, na kandambili zake zikakwaruza sakafu ya baraza. "Mimi naondoka. Wenyewe hao wanakuja."

Muhannad alilifungua faili.

Sauti ilitoka kwa kishindo hata Bi Mwanaasha akarudi nyuma na chetezo nusura kimponyoke. Mwalim Marhoun alikuwa chumbani. Alisafisha koo namna yake, mara mbili, kama anayegonga mlango wa darasa, kisha akaghani:

*Ghania, twaa maneno,*
*si kanga wala si pono;*
*nimekosa la mkono,*
*nakuletea sauti.*

Bi Ghania aliuziba mdomo kwa mtandio. Mabega yakamtikisika, na haikujulikana kama ni kilio au ni kicheko, kwa kuwa samaki huyo, pono, alikuwa akiletewa na mumewe kila Ijumaa, miaka thelathini na moja, amefungwa kwenye jani la mgomba.

Kisha, nyuma ya sauti ile, pakasikika kigoda kikisogezwa. Kikohozi kirefu, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni. Na sauti ya kijana, karibu na kinasa sauti: "Mwalim, hapo kwenye pono uligeuza uso. Turudie?"

"Mwache," mwenye kikohozi alimjibu kutoka mbali. "Mwenye pono keshasikia."

Wakacheka, wote watatu, kicheko cha watu waliozoeana, na kicheko cha Mwalim Marhoun ndicho kilichochelewa kuisha.

Muhannad aliganda, mikono juu ya meza. "Alikuwa akenda kwao lini?" aliuliza, hajui anamuuliza nani.

"Baada ya sala ya alfajiri," mama alisema. "Akichelewa kurudi."

"Ulikuwa ukijua?"

"Mimi ndiye nikivisafisha viatu vyake, Muhannad. Udongo wetu si mwekundu."

Aliyakumbuka makaburi, aliukumbuka ule udongo ukimwagika polepole kutoka kiganjani. Huko nje kandambili zilikwisha kushuka barazani, sasa zilikuwa zikiburura mchanga wa njiani, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zilizobaki hazikuwa nyingi.  

Akainyanyua spika moja, waya ukimfuata mezani na kuangusha kikombe cha kalamu. Alilifungua pazia kiasi cha shubiri, akaikita spika juu ya kizingiti cha dirisha, uso wake njiani.

"We!" Bi Mwanaasha alimaka. "Mambo ya chumbani unayatoa nje?"

Sauti ya Mwalim Marhoun, sasa ikighani ubeti wa pili, ilitoka kwenye nondo, ikavuka baraza, ikavuka wanawake waliokuwa wakiwasili na mabuibui yao na waliosimama ghafla wakitazamana. Njiani, kandambili zilinyamaza.

Bi Ghania alishusha miguu kutoka kitandani, akaikita sakafuni, mmoja kisha wa pili.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Kuna mtu hakusikia vizuri."