Mjane Aliyecheka Mkesha wa Krismasi

Enyonam Agbeko alifiwa na mumewe mwezi wa Agosti. Desemba ilipoingia, wifi yake Afiwa akaja kutoka Keta na mkeka, begi na amri.

"Mama Dela," alisema hata kabla hajanywa maji aliyopewa, "mwaka huu nyumba hii haina Krismasi."

Mimi nimepanga chumba cha uani kwa Enyonam, hapa Hohoe, Ghana. Nashona nguo, na cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo yanayosemwa barazani huyasikia yote, nipende nisipende. Siku ile Enyonam alikuwa ndani ya nguo yake nyeusi ya ujane, ile ambayo kwa desturi angekaa nayo mpaka mwaka uzunguke. Akampokea wifi yake begi, akamwonyesha chumba cha binti yake Dela, ambaye ni muuguzi huko Takoradi.

Ili ulielewe neno la Afiwa, lazima ujue Krismasi ilikuwa kitu gani katika nyumba ile. Marehemu Senyo alikuwa mkaguzi wa kakao. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kukunja uso. Akipasua mbegu kwa kisu na kuinusa, mkulima roho juu. Lakini upepo mkavu wa Desemba ukianza kupasua watu midomo, yule mzee aligeuka mtoto. Alishusha kutoka kabatini vitabu vyake vya hadithi za Krismasi, vingine havina hata majalada, alivyovichambua kwenye mafungu ya mitumba huko Accra na Ho. Alitoa na diski za filamu. Kila jioni mmoja alisoma, mwingine akamenya karanga. Na Senyo hakuweza kusoma bila kuchomeka maneno yake. Baba Krismasi akikwama kwenye bomba la moshi, Senyo aliufunga ukurasa kwa kidole na kusema, "Huyu angekuja kwetu angepitia dirisha la choo, na Enyonam angemkaribisha kwa mchi." Na filamu za theluji je! Walizitazama wamejifunika shuka moja, vumbi jekundu limetapakaa sakafuni, wanabishana kama theluji ina chumvi.

Krismasi yao ya mwisho walitazama filamu mpya ya hapa hapa nchini. Tajiri mmoja bahili anasikia ndugu zake wa kijijini wanakuja kula Krismasi kwake, basi anajificha darini, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili wakute hayupo wageuze njia. Ndugu hawageuzi. Wanaingia, wanachinja mbuzi wake, wanapika, wanaimba, na yeye yuko juu ya mbao analetewa harufu tu. Mbao zikaanza kulia. Hapo umeme ukakatika.

"Ataanguka," alisema Senyo gizani.

"Haanguki. Atashuka mwenyewe aombe radhi."

"Bahili haombi radhi, Mama Dela. Ataanguka."

Umeme ulirudi sikukuu imekwisha, na Senyo alishikilia kwamba filamu ya Krismasi haitazamwi Januari, ingemaliziwa mwakani. Basi ubishi ule ukawa wimbo wa nyumba. Asubuhi anatoka kuoga, taulo shingoni: "Ataanguka." Enyonam anakoroga uji: "Atashuka." Hata hospitali, zile siku za mwisho, nilipompelekea supu nilimkuta na mrija wa hewa puani, mkewe amemshika mguu. Alinitazama, akamnyooshea mkewe kidole, akasema kwa sauti iliyokonda kama yeye mwenyewe, "Mwambie. Ataanguka."

Basi Afiwa alipofika, jambo la kwanza aliifunika runinga kwa kitambaa cheusi. La pili, alivikusanya vitabu vyote kwenye kasha, akalisukuma chini ya kitanda alicholalia.

"Mjane anayecheka kabla ya mwaka anamcheka marehemu," alinieleza siku aliyokuja nimpunguzie blauzi. "Hayo mambo yao ya kusomeana na kutazama sinema ni starehe. Mwenye msiba ana starehe gani?"

Nilijitia naokota pini.

Enyonam alivumilia. Alipika, alifagia, alikwenda kanisani akarudi. Lakini nilimwona jioni amekaa barazani na bakuli la karanga mapajani, anamenya, anamenya, hana wa kumsomea. Siku moja bakuli likajaa mpaka karanga zikaanza kudondoka chini. Akazitazama. Akainuka, akaingia ndani moja kwa moja hadi chumba cha wifi yake. Mlango ulikuwa wazi, nami dirisha langu linatazamana nao.

"Wifi, inua mguu."

"Unatafuta nini huku chini?"

"Vitabu vyangu."

"Vya ndugu yangu."

"Haya, vya mume wangu. Inua mguu."

"Enyonam, watu watasema nini?"

"Watasema ninajua kusoma."

Alilivuta lile kasha mwenyewe, akalibeba mpaka barazani, upande wa barabarani, mahali ambapo hata asiyekuwa na haja angemwona. Akachagua kitabu kimoja, akaanza kusoma kwa sauti. Kina mama wa kwaya waliokuwa wakipita kutoka mazoezini wakasimama.

"Mama Dela! Mfiwa na hadithi, wapi na wapi?"

"Wapi tena, si hapa barazani kwangu? Kaeni basi, nimefika patamu."

Wawili walikaa. Afiwa, huko ndani, akaanza kuimba nyimbo za mazishi kwa sauti ya kuvunja vigae, ili hadithi isisikike. Enyonam akapaza sauti. Afiwa akapandisha. Ikawa hivyo jioni hiyo na jioni zilizofuata: Baba Krismasi barazani, Mwamba Wenye Imara chumbani. Yesu mwenyewe sijui alikuwa akisikiliza upande gani. Mimi cherehani niliizima, nisipitwe.

Siku ya mkesha Afiwa alikwenda kanisani mchana kusaidia kupamba. Hakuwa mjinga, waya wa umeme wa runinga aliuchomoa, akautia kwenye mkoba pamoja na rimoti. Enyonam alikuja dirishani kwangu.

"Akpene, waya wa redio yako unaingia kwenye runinga?"

"Unaingia. Lakini Mama Dela, runinga yangu si hii hapa? Njoo tufunge mlango tutazame kwangu, nani atajua?"

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Kwako ni kujificha," akasema. "Mimi mwizi? Nataka kuitazama kwangu, kwenye kiti changu. Lete waya."

Nilimpa, nikamfuata. Alikifunua kile kitambaa cheusi, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni. Akafungua madirisha yote, na mlango wa barabarani akauegemeza jiwe. Diski ya yule bahili ilikuwa bado imo humo humo kwenye mashine, mahali Senyo alipoiacha. Hatukuwa na rimoti, kwa hiyo hatukuweza kuipeleka mbele, tulianza mwanzo. Enyonam alikaa kwenye kiti chake, kile cha Senyo kikabaki wazi kando yake, nami nikakaa sakafuni.

Mbuzi akachinjwa. Nyimbo zikaimbwa. Yule bahili juu ya mbao akameza mate. Mbao zikalia. Niligeuka kumwangalia Enyonam, vidole vyake vilikuwa vimeubana mkono wa kiti, midomo inacheza, anasema peke yake, "Shuka. Shuka, baba. Shuka mwenyewe."

Dari ikapasuka. Yule mtu akaja chini, mikono na miguu, akatua kwa makalio ndani ya sufuria kubwa ya wali, na shangazi mmoja mzee, bila hata kushtuka, akampiga mwiko wa kichwa: "Hata hujanawa!"

Enyonam alitoa mlio ambao kwanza nilidhani ni kilio. Ulikuwa kicheko. Kilimtoa kwenye kiti kikamlaza sakafuni, akapiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtoka. "Senyo!" alipiga kelele. "Senyo wee! Umenishinda! Ameanguka!" Nami nikacheka, kwa sababu ya sufuria na kwa sababu yake, hata nikashindwa kujua ninalolia na ninalocheka ni lipi. Watoto wa mtaani wakajaa mlangoni. Majirani wakatoka.

Na Afiwa akaingia, mkoba begani, matawi ya mchikichi ya kupambia kanisa bado mkononi.

"Enyonam!"

"Ameanguka, wifi," alisema Enyonam pale pale sakafuni, akijifuta uso kwa upindo wa nguo nyeusi. "Ameangukia wali."

Afiwa alikwenda uani, akampigia simu kaka yake.

Siku ya pili baada ya Krismasi, Kodzo, kaka mkubwa wa marehemu, aliwasili na wazee wawili wa ukoo. Tulioketi upande wa Enyonam tulikuwa mimi na Dela, aliyefika alfajiri kutoka Takoradi macho mekundu kwa safari. Kodzo ni mtu mpole, asemapo hutazama vidole vyake. Alisema: mjane wao amecheka ndani ya msiba, mlango wazi, mji mzima ukisikia. Ukoo umeaibika. Aombe radhi mbele ya watu, atoe kondoo, na auanze upya mwaka wa nguo nyeusi. La sivyo, siku ya kumvua nguo hiyo ukoo hautakanyaga hapa.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia, shemeji," alisema Enyonam. "Sasa na wewe nisikie. Siku mlipomzika Senyo, mimi nilifungiwa chumba kile pale. Sikuruhusiwa hata kuchungulia. Lakini masikio hamkunifunga. Nilisikia ngoma mpaka kunakucha. Nilisikia mnagombea paja la ng'ombe. Nilisikia mtu anahadithia namna Senyo alivyokimbizwa na bata mzinga utotoni, na ua mzima ukaangua kicheko. Ile sauti ilikuwa yako, shemeji Kodzo."

Kodzo akatazama vidole vyake.

"Ile ilikuwa heshima ya mazishi," alisema mzee mmoja.

"Nyinyi mkimcheka ni heshima. Mimi niliyecheka naye miaka yote hiyo, nikicheka ni aibu. Sawa. Radhi siombi."

Hapo Afiwa, aliyekuwa ameketi pembeni, akalipuka. Si kwa hasira niliyoitarajia. Sauti yake ilikatika katikati.

"Ulicheka naye wewe! Sisi je? Kila Krismasi mama yetu alimpikia Keta, akamwekea sahani, mpaka mama akafa. Haji. Yuko Hohoe, anatazama sinema na mkewe. Anasoma vitabu na mkewe! Ndugu yangu nilimwona kwenye misiba tu, na sasa msiba ni wake, hata huo unataka uwe wako peke yako?"

Nilimwona Enyonam akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza ule mgongo wake ulionyooka ulilegea kidogo.

"Hilo ni kweli," alisema polepole. "Hakuja, na mimi sikumsukuma aje. Nilimtaka hapa. Hilo, wifi, nakuomba radhi, wewe na mama aliyelala kaburini. Hilo tu. La kucheka, hapana. Hata mnilaze chini mnichape."

"Basi nguo utajivua mwenyewe," alisema Kodzo.

"Mikono ninayo."

Waliondoka siku ile ile na Afiwa wao. Waya wa runinga aliusahau mkobani, au alikusudia, sijui. Wangu ndio uliobaki pale sebuleni.

Watu wa Hohoe walisema walivyosema. Enyonam huuza mafuta ya mawese, na wateja wake wawili waliacha kununua kwake, na padri alimkalisha kitako akamsomea mengi. Alisikiliza, akamshukuru, akarudi nyumbani akafungua kitabu. Nguo nyeusi aliivaa hadi Agosti kwa sababu, alisema, ile nguo ilikuwa kati yake na Senyo, si kati yake na Kodzo. Siku ya kuvua, tulimwogesha mimi na Dela na mama mmoja wa kwaya, tukamvika nyeupe niliyomshonea. Viti vya ukoo tulivipanga, maana hata hivyo aliamuru vipangwe. Havikukaliwa. Alivitazama kwa muda, akalia, nasi hatukumzuia. Kisha akasema tule, chakula kinapoa.

Krismasi iliyofuata aliitoa runinga nje kabisa, barazani, akaiweka juu ya meza na kuielekeza barabarani. Alinunua filamu mpya na mfuko mzima wa karanga. Watu wakaja na vigoda vyao. Katikati ya filamu nikamwona mwanamke kijana nje ya lango, Sitsofe, mke wa yule dereva wa lori aliyekufa Oktoba. Yumo kwenye nyeusi, kichwa kimenyolewa, anatazama kwa jicho moja, jingine linaangalia nyumba ya wakwe zake upande wa pili wa barabara. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

Enyonam aliinuka na kiti chake mwenyewe, akakitua pale pale langoni, mahali ambapo mama mkwe angeona vizuri.

"Kaa hapa, binti," alisema kwa sauti ya kuvuka barabara. "Mbele huoni? Sogea, sogea zaidi. Na mwenye neno aje anieleze mimi, nyumba yangu anaijua."