Kitambi cha Msimamizi

Shangazi yangu husafisha ofisi ya serikali, ingawa mwajiri wake ni kampuni ya usafi. Ujauzito wake ulipoanza kuonekana, msimamizi wa kampuni, bwana mwenye kitambi cha kutangulia mlangoni, alimfuata ukumbini.

"Dada, rudisha sare. Kwa tumbo hilo huwezi kuinama."

"Basi tuiname wote, bosi. Atakayeshindwa ndiye aache kazi."

Watumishi waliokuwa wakisubiri lifti waliangua kicheko. Kwa kuona haya, msimamizi aliinama kuokota kifuniko cha ndoo ya shangazi kilichokuwa sakafuni, lakini kitambi kikagoma katikati ya safari. Shangazi aliokota kile kifuniko, akamkabidhi.

Mkurugenzi wa ofisi, mwanamama, alikuwa amesimama mlangoni pake, akisikia yote.

"Humu ndani mjamzito habaguliwi," alisema, "awe mtumishi wetu au wako. Ndivyo mkataba ulioutia saini unavyosema."

"Mama, sikuwa namfukuza," alijitetea msimamizi, bado ameinama. "Nilikuwa namwonea huruma tu."

"Huruma nimeipokea, bosi," alisema shangazi. "Nipe kwa njia ya likizo ya uzazi."

Msimamizi alikubali upesi, kisha akaomba mtu amsaidie kunyooka.